Wasomao Rangi ya Mwamba

Kiuyu ya Pemba ni nchi ya mawe. Ukitoka Wete kwenda kaskazini mashariki, udongo wa mikarafuu unakuaga njiani, na ukishapita Micheweni unabaki na jiwe: jiwe lenye ncha, lililotoboka toboka, lenye vishimo ambamo mkulima hupanda muhogo na mtama kwa kuufuata udongo popote ulipojificha. Wanawake hukaa kitako na nyundo wakiliponda kuwa kokoto. Msitu wa Ras Kiuyu umeota juu yake. Jiwe hilo ni tumbawe. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo, hapo palikuwa mwamba hai, uliojengwa na vijinyama laini viitwavyo polipu, navyo viliishi kwa msaada wa vimwani wa chembe moja ambao mia moja wakipangwa mstari hufika milimita moja tu.

Mwamba ulio hai sasa uko nje ya rasi, wimbi linapovunjika. Wapo watu ambao kazi yao ni kuisoma miamba ya namna hiyo, nami nataka kuwasifu. Siwasifu kwa shahada zao, maana shahada hazikosi wa kuzisifu. Nawasifu kwa ufundi wa mkono na jicho, hasa jicho, kwa sababu sijui kazi nyingine ambayo jicho hulazimika kujizuia kiasi kile lisitoe hukumu mapema.

Anayepiga mbizi mara ya kwanza hushangilia zambarau, buluu na waridi. Fundi hushangilia kahawia, rangi isiyopendeza pichani. Nyama ya polipu inapitisha mwanga na kwa kawaida haina rangi ya kutajika. Kahawia ile ni ya vimwani wanaoishi ndani yake, milioni moja hivi au zaidi katika kila sentimita ya mraba. Tumbawe la kahawia limeshiba. Na yapo matumbawe ambayo yakizidiwa na joto hung'aa buluu au waridi kali kwa muda kabla ya kuwa meupe. Picha inayosifiwa kuliko zote kwenye simu ya mtalii inaweza kuwa picha ya mgonjwa.

Ubia wa hawa wawili unafanana na ule wa mwenye chombo na mabaharia wake. Tumbawe hutoa chombo: makazi, kinga, hewa ya ukaa na mabaki ya chakula chake yenye naitrojeni. Vimwani hutoa kazi: hulivua jua na kuligeuza sukari, kisha sehemu kubwa ya pato humwendea mwenye chombo. Watafiti hukadiria kwamba katika maji maangavu pato hilo laweza kufika asilimia 90 ya nguvu anazozihitaji. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu, yakakaa hivyo wiki kadhaa jua likiwa kali, mitambo ya vimwani ya kunasa mwanga huharibika na kuanza kutoa oksijeni ya aina yenye sumu. Mwenye chombo huwafukuza mabaharia. Linalobaki ni mifupa ya chokaa inayoonekana kupitia nyama, nyeupe kabisa. Ndiko kupauka.

Jambo ambalo fundi analijua na mpita njia halijui ni kwamba tumbawe jeupe bado li hai. Lina njaa, lakini li hai. Joto likishuka mapema, vimwani hurudi. Likichelewa, tumbawe hufa, na magugu ya baharini hulifunika. Kwa hiyo mtafiti anayekuta mwamba umepauka hawezi kuandika kwamba umekufa, na hawezi kuandika kwamba utapona. Anaandika weupe, anapiga alama mahali pale, anaondoka, halafu anarudi. Ufundi wenyewe uko katika kurudi.

Historia ya kazi hii ina kisa ninachokipenda. Jina zuzanthela, wanaloitwa vimwani hawa, lilitolewa na Mjerumani Karl Brandt mwaka 1881. Mwaka 1928 Mwingereza Maurice Yonge aliongoza msafara wa mwaka mzima katika Mwamba Mkuu wa Australia. Yeye na wenzake waliyafungia matumbawe gizani huku wakiyalisha. Matumbawe yaliwatoa vimwani, yakawa meupe, na bado yaliishi. Yonge akahitimisha kwamba vimwani si chakula cha maana kwa tumbawe. Miongo mitatu baadaye Leonard Muscatine, mtafiti wa Marekani, alitumia kaboni yenye mnururisho, akaifuata kutoka kwenye vimwani hadi ndani ya nyama ya mnyama wa baharini aliyewahifadhi. Hitimisho la Yonge likaporomoka. Lakini alichokiona hakikuporomoka. Tumbawe laweza kuwa jeupe na likaishi. Aliliona kwa macho yake, akaliandika sawasawa, nasi tunalihitaji leo kuliko alivyolihitaji yeye. Mtafiti mwenye daftari safi huwafaa hata wale wanaokuja kumpinga.

Huku kwetu mtihani ulikuja mwaka 1998. Tangu mwishoni mwa kaskazi, maji ya Bahari ya Hindi magharibi yalipata joto la El Niño, na miamba ikapauka kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Kisiwa cha Misali, upande wa magharibi wa Pemba, ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizopigwa vibaya zaidi. Mwaka uliofuata mtandao wa watafiti wa CORDIO ukaanzishwa kufuatilia hasara hiyo, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja ikaendelea na hesabu zake. Hesabu ndilo neno. Mtafiti hulaza kamba ya mita 10 juu ya mwamba, ikifuata mabonde na vilima vyake, kisha anaogelea polepole juu yake na kibao cha plastiki na penseli, akiandika kilicho chini ya kamba kwa sentimita: tumbawe la matawi, 14, mchanga, 6, tumbawe la mviringo, 31, limefifia juu. Mkondo unamvuta, maji yanaingia kwenye miwani, na penseli imefungwa kwa uzi isije ikaelea. Kamba ikiisha, anaihamisha.

Maabara nayo ina ufundi wake, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Kipande cha tumbawe kilichokatwa kwa ruhusa hupulizwa kwa bomba jembamba la hewa mpaka nyama yote inatoka na kuingia kwenye mfuko pamoja na maji ya bahari yaliyochujwa. Rojo la kahawia huzungushwa kwa mashine, vimwani wanatuama, kisha wanahesabiwa mmoja mmoja chini ya hadubini juu ya kioo chenye miraba. Sasa inabaki kujua walikuwa kwenye eneo la ukubwa gani, na tumbawe lina matawi, mashimo na mikunjo. Njia mojawapo ni kuifunika mifupa yote kwa karatasi ya aluminiamu, ile ile ya kufungia chakula, bila kurudufu, halafu kuibandua karatasi hiyo na kuipima uzito. Uzito hutoa eneo. Ni kazi ya vidole, na hakuna mashine inayomfanya mzembe aifanye vizuri.

Kutokana na vidole vya namna hiyo tumejua kwamba vimwani si wa aina moja. Mwaka 2004 Andrew Baker na wenzake, akiwemo Tim McClanahan anayefanya kazi Mombasa, walionyesha kwamba katika miamba ya Kenya iliyopauka vibaya kundi linalostahimili joto lilionekana kwa wingi kuliko Mauritius, ambako hakukupauka hivyo. Upande wa Tanzania, Leonard Chauka alichunguza aina za vimwani hao katika maji yetu na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Tumbawe, basi, laweza kupata mabaharia wagumu zaidi. Lakini nisitie chumvi: wagumu hao mara nyingi hutoa sukari kidogo, na tumbawe hukua polepole. Hakuna bure baharini.

McClanahan alichapisha pia, mwaka 2020, kwamba maji kati ya Shimoni na Dar es Salaam, Pemba ikiwa humo, ni kimbilio ambamo maji ya kina kirefu hupunguza makali ya joto. Habari njema, ila kimbilio haliukingi mwamba na nyavu za kigumi zinazokokotwa juu yake huku zikivunja matawi. Joto latoka mbali. Kigumi kinatoka kwetu.

Mvuvi wa Kiuyu anayapata maskani ya samaki kwa alama za nchi kavu, na mama mkulima wa mwani anajua ni mwezi gani maji ya mchana yanachoma miguu. Nusu ya ufundi niliousifu wanayo tayari. Kinachokosekana ni kalamu. Basi, msomaji wa Micheweni: ukishuka pwani wakati wa bamvua, hasa Machi na Aprili, ukakuta tumbawe jeupe, usilivunje wala usilikanyage. Andika tarehe, jina la mahali na rangi uliyoiona, upeleke kwa kamati ya wavuvi ya shehia yako, na urudi kulitazama bamvua linalofuata.