Foleni Iliyofichika Ndani ya Ruta

Dhana iliyoenea miongoni mwa wengi wetu ni kwamba intaneti ya nyumbani ikizorota, ama kampuni imepunguza kasi kwa siri, ama kifurushi tulichokilipia ni kidogo, na dawa yake ni kulipa zaidi. Pengine huwa ni kweli. Lakini uchunguzi alioufanya Jim Gettys mwaka 2010, nyumbani kwake katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ulidhihirisha ila ya tatu, ambayo mpaka hivi leo imo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, na ambayo fedha peke yake aghalabu haiiondoi.

Gettys, mmoja wa waasisi wa mfumo wa X Window na wa waandishi wa kanuni za HTTP/1.1, alikuwa akiletewa malalamiko na watoto wake kwamba intaneti ni nzito, ilhali kila alipokaa kuichunguza aliikuta nzima. Kilichomfumbua macho ni kuipima njia ikiwa kazini, si ikiwa tupu. Alipokuwa akituma mafaili makubwa kwenda chuo cha MIT, huku amri ya ping ikiendelea kando, aliona kuwa ujumbe mdogo ambao siku zote ulikwenda na kurudi katika milisekunde chache sasa ulichukua zaidi ya sekunde nzima. Akazinasa pakiti, yaani vipande vidogo ambamo data husafirishwa, akauchora mwendo wake, akawaonyesha mabingwa wenzake, akiwamo Van Jacobson.

Jacobson hakuwa mgeni wa maradhi haya. Mwaka 1986 njia ya mawasiliano baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo hapo hapo jirani ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40, naye ndiye aliyeongoza kutungwa kwa kanuni ambayo kompyuta nyingi zingali zikiifuata: kila mtumaji aongeze mwendo kidogo kidogo mpaka pakiti ipotee, na kupotea huko kuwe ndiko habari ya kwamba njia imejaa, basi apunguze.

Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo. Kumbukumbu za vyombo ziliposhuka bei, watengenezaji wa modemu na ruta walizitia kwa wingi, wakiamini kwamba kupoteza pakiti hata moja ni kasoro isiyovumilika, na hivyo, bila ya kukusudia, wakamzibia mtumaji habari aliyoihitaji. Chukua modemu yenye nafasi ya kilobaiti 256 za kungojea, na njia ya kupakia ya megabiti 1 kwa sekunde: nafasi hiyo ikijaa, huchukua takriban sekunde 2 kumwagika, na muda wote huo mtumaji hudhani njia ni nyeupe, akazidi kusukuma. Kijana anapakia picha za harusi chumbani; sebuleni bibi anazungumza kwa video na nduguze walioko Muscat, na kwao sauti yake inakwama, maana kila pakiti ya sauti yake imepangwa nyuma ya picha.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Jacobson walitoa tiba yao, CoDel, na mimi naistahi sana kwa sababu haijali urefu wa foleni, bali hutazama kila pakiti imengoja muda gani: kungoja kukizidi milisekunde 5 mfululizo kwa milisekunde 100, huanza kutupa pakiti ili mtumaji apate habari mapema. Eric Dumazet akaiambatanisha na utengaji wa mikondo, hata sauti ya bibi isisimame nyuma ya picha za mjukuu, na muungano huo, uitwao fq_codel, ukatangazwa rasmi katika waraka RFC 8290 mwaka 2018.

Anayetaka kujua iwapo ila hii imo kwake na aunganishe kompyuta kwa waya, maana kuta nene za matumbawe katika Mji Mkongwe wa Zanzibar hudhoofisha mawimbi ya Wi-Fi na zitamvurugia ushahidi. Aendeshe ping wakati hakuna anayetumia, kisha aanze kupakia faili kubwa: nambari ikiruka kutoka milisekunde 20 hadi 800, foleni imepatikana. Kama ruta yake inayo fq_codel, aipime kwanza kasi ya kupakia, kisha aiwekee ruta hiyo kikomo kilicho chini kidogo ya kasi hiyo, yapata asilimia 90, ili foleni ihame kutoka modemu isiyo na busara ije katika chombo kinachojua kuitunza. Kwa ruta za laini ya simu mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa kasi ya mnara hubadilika saa kwa saa na kikomo kimoja hakiifai. Huko ni afadhali kuzifungia simu za nyumbani zisipakie picha zenyewe mchana, zingoje usiku watu wakilala.