Heko kwa Wanaolitafutia Ini Dawa kwa Kompyuta

Kampene, kwenye machimbo ya dhahabu ya Pangi, mkoani Maniema nchini Kongo, si ajabu mwenye macho ya manjano kuanza na majani machungu. Mubirizi, yaani Vernonia amygdalina, umeshajaribiwa kwa panya walioharibika ini, ukaonyesha dalili njema. Lakini ni kipi ndani yake kinachosaidia?

Hapo ndipo ninapowapongeza watafiti wa kompyuta. Wanachukua umbo la luteolini, iliyomo katika majani hayo, na umbo la CYP2E1, kimeng'enya cha ini kinachogeuza sehemu ya parasetamoli kuwa sumu. Programu ya bure, AutoDock Vina, huipindua molekuli ndani ya mfuko wa kimeng'enya, kisha hutoa alama. Iliyo chini zaidi ya sifuri ndiyo inayotarajiwa kukishika vizuri kimeng'enya hicho, na huenda ikakizuia kutengeneza sumu.

Timu ya Mkameruni Fidele Ntie-Kang nayo ilitoa EANPDB mwaka 2020, hazina ya molekuli asilia za Afrika Mashariki, bila malipo. Nawavulia kofia!

Alama si dawa, ni mchujo tu, ila mchujo huo huokoa fedha nyingi za maabara. Walimu wa vyuo vya Kindu, wapeni wanafunzi kazi hii: kompyuta ya kawaida na umeme vinatosha kuanza.