Mshono Usiofichwa

Picha mbili zimewekwa bega kwa bega. Ya kwanza ni kambi ya wachimbaji nje ya Kolwezi: mahema ya turubai na plastiki yamesongamana juu ya udongo uliochimbuliwa, na kivuli pekee ni kile mtu alichojitengenezea. Ya pili ni bango la Kichina la kubandika ukutani, lile linalouzwa sokoni likiwa limekunjwa kama mkeka: maporomoko ya maji, maua yaliyojipanga, na kijani ambacho hakijawahi kuota Lualaba hata katikati ya masika. Aliyeziweka pamoja ni Sammy Baloji, mpigapicha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, katika kazi ya mwanzoni mwa miaka ya 2010 aliyoiita kwa jina la mji wetu, Kolwezi. Kati ya picha hizo hakuna mshale wala neno. Upo mstari mwembamba tu pale karatasi moja inapokoma na nyingine kuanza, na ufundi wote umekaa hapo.

Mtu mwenye haraka atasema ameelewa: huku ni ndoto, huku ni maisha, twende zetu. Mimi naona tukae kidogo. Bango lile Baloji hakuliagiza kwa ajili ya maonyesho. Mabango ya namna hiyo yalikuwa yameshanunuliwa na watu wenyewe. Ingia nyumba nyingi za Manika, hapahapa Kolwezi, uone: makochi yaliyofunikwa vitambaa, televisheni, na juu yake bango la sahani ya matunda, au ghorofa za mji wa mbali, au ziwa lenye daraja jeupe. Mwenye nyumba amelichagua kati ya mengine kumi, akabishana bei, akalipigilia misumari pembe nne. Mpigapicha aliyepita mitaani na kamera yake angeweza kulipuuza, au kulipiga kwa dharau kama kichekesho. Baloji amelipa nusu nzima ya kazi yake, kwa kipimo kilekile alichoipa kambi.

Ukiziangalia kwa muda zinaanza kufanana. Zote mbili ni nchi iliyopangwa na mikono ya watu. Mgodi wa wazi umekatwa ngazi kwa ngazi kwa baruti na mashine. Vilima vinavyouzunguka ni udongo uliotolewa shimoni ukamwagwa pembeni. Bango nalo, mara nyingi, ni vipande: mlima umetoka huku, maporomoko yametoka kule, maua yamebandikwa mbele. Mito hiyo haimwagikii popote. Mimi huanza na tofauti, na baada ya dakika chache najikuta naulizia undugu.

Baloji alifika hapo kwa njia ndefu. Kazi iliyomtambulisha, Mémoire ya mwaka 2006, ni ya kukata na kuunganisha waziwazi. Alipiga kwa rangi viwanda vya Gécamines vilivyochakaa, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière ya wakati wa ukoloni baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967. Kisha akaingia kwenye picha za kale za kampuni, akawakata watu walioko humo, yaani wafanyakazi waliopangwa mstari na wakubwa wa Kizungu wenye kofia na suti, akawasimamisha mbele ya magofu. Wao wamebaki kijivu, kiwanda kina kutu na rangi zake zote.

Kazi kama hii ikifanywa vizuri huonekana rahisi. Mpigapicha yeyote wa studio aliyewahi kumtoa mteja kwenye ukuta wa nyumbani na kumweka Paris mbele ya Mnara wa Eiffel anajua shida ilipo: miguuni, na kwenye upeo wa macho. Kamera ya zamani ilisimama juu ya miguu yake mitatu, kwa kawaida kwenye urefu wa kifua cha mtu. Kwa hiyo katika picha ya asili upeo unapita kifuani mwa mfanyakazi. Ukimhamishia kwenye mandhari iliyopigwa kamera ikiwa juu zaidi, upeo utampita kichwani, naye ataonekana ametumbukia shimoni. Ikipigwa chini zaidi, ataelea. Maana yake ni kwamba mtu anayetaka kuunganisha nyakati mbili lazima ajue, siku ya kupiga kiwanda, mtu wa mwaka 1920 atasimama wapi.

Mandhari zenyewe pia ni za kuunganisha. Uwanja mzima wa kiwanda hauingii kwenye lenzi moja, kwa hiyo unapigwa vipande kwa kugeuza kamera kidogo kidogo bila kuihamisha, kila kipande kikipanda juu ya jirani yake, na mwanga ukiwa umefungwa pamoja ili kipande kimoja kisitoke cheusi na kingine kikaungua. Kiangazi cha huku kwetu, wakati mbingu inakaa wiki nyingi bila wingu, ni rafiki wa kazi hiyo. Wingu moja likipita katikati ya mzunguko, unaanza upya.

Baada ya jasho lote hilo, Baloji angeweza kuuficha mshono. Angeweza kuwapa wafanyakazi wale rangi ya ngozi na vumbi la siku ile. Hakufanya hivyo. Mwanga unaowapiga ni wa siku nyingine na umeachwa hivyo, kama fundi cherehani anayeshona kiraka kwa uzi wa rangi tofauti ili kila mtu aone nguo ilichanika wapi. Baadaye alifanya jambo la aina hiyo na picha za msafara wa Charles Lemaire, uliozunguka Katanga kati ya 1898 na 1900 ukiwa na mchoraji Léon Dardenne na mpigapicha François Michel. Katika Congo Far West ya mwaka 2011 watu waliopigwa na Michel wanasimama ndani ya rangi za maji za Dardenne. Wanaume hao wawili walikuwa katika msafara mmoja, wakaiona nchi moja, na ukiwaweka pamoja wanapingana: kwa Dardenne nchi ni pana, laini na tulivu, ila watu wa Michel wanakutazama kama waliosimamishwa kwa amri.

Ufundi huu hakuubuni yeye, na ndipo heshima yangu inapogawanyika.

Katika miaka ya 1970, ukuta wa sebule ya mfanyakazi wa mgodi ulikuwa na michoro ya mkono. Wachoraji wa Shaba, kama jimbo la Katanga lilivyoitwa wakati huo, walichora juu ya kitambaa, mara nyingi cha magunia ya unga yaliyofuliwa na kuwambwa, wakatembeza kazi zao nyumba kwa nyumba. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliokuwa wakifanya utafiti huku, waliona kwamba mada ni chache na zinarudi bila kuchoka. Mamba Muntu, mwanamke nusu samaki, mwenye saa mkononi na nyoka kando yake, aletaye utajiri na kudai malipo. Waarabu na misafara ya watumwa. Lumumba. Na Colonie Belge.

Hii ya mwisho nimeiona katika mikono mingi, na kila mara naanza upya kuikagua. Uwanja wa gereza, bendera ya Ubelgiji mlingotini. Wafungwa wamevaa mistari ya njano na nyeusi. Mmoja amelazwa kifudifudi, makalio wazi, na askari Mwafrika ameinua kiboko. Pembeni amesimama Mzungu mwenye kofia ngumu, mara nyingine na kiko mdomoni, hatoi jasho. Chini au juu imeandikwa: Colonie Belge 1885-1959. Mwanahistoria ataruka, kwa sababu Ubelgiji ilichukua Kongo mwaka 1908 na uhuru ulikuja 1960. Sidhani mchoraji alikosea. Amehesabu tangu fimbo ilipoanza hadi ilipolegea, na kalenda hiyo anayeijua vizuri ni aliyelazwa chini.

Mnunuzi hakutaka mchoro ambao haujawahi kuonekana. Alitaka ule wa jirani, ila wake. Kwa hiyo mchoraji alichora Colonie Belge mara mia, na ufundi ukahamia kwenye vitu vidogo: umbali kati ya Mzungu na fimbo, wanawake wanaolia wamewekwa wapi, askari anatazama nani. Mchoraji mmoja akimsogeza Mzungu mpaka pembeni kabisa mwa kitambaa, hasira yote inamwangukia askari. Mwingine akimrudisha katikati, askari anageuka kuwa mkono tu. Mchoro ni uleule, na kesi imebadilika.

Kabla yao palikuwa na Hangar, karakana ya Pierre Romain-Desfossés iliyoanzishwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1946. Bela alichora kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga kwa michirizi mifupi iliyokazana, Pilipili kwa samaki na ndege waliojaza ukurasa. Mikono ya ajabu. Lakini kazi zile ziliishia zaidi kwenye kuta za Wazungu, na Romain-Desfossés mwenyewe alifariki 1954. Zilizokaa mbele ya wachimba shaba wakila ugali ni zile za magunia.

Mkubwa wa wachoraji hao wa magunia, kwa macho yangu, ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian historia ya nchi nzima, michoro 101, akiieleza mmoja mmoja kwa Kiswahili cha huku. Mazungumzo hayo yalitoka kama kitabu mwaka 1996. Ndani yake umo mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941, na Léonard Mpoyi aliyeuawa kwa risasi. Umo pia mchoro wa kifo cha Lumumba. Amelala chini pamoja na wenzake Mpolo na Okito, na nyuma yao, chini ya anga ya Katanga, pamesimama misalaba mitatu. Damu inamtoka ubavuni na inapotiririka ardhini inaandika neno moja la Kifaransa: unité.

Hapa namwona Baloji miaka 30 kabla. Golgotha na Januari 17, 1961, siku Lumumba alipouawa, ziko juu ya kitambaa kimoja, chini ya mwanga mmoja, bila kuombeana radhi. Tshibumba hakuwa na kompyuta, alikuwa na rangi na gunia, lakini swali lake lilikuwa lilelile: kitu gani nikiweke kando ya kitu gani. Wala haikutokea kwa bahati tu. Mwaka 2016 Baloji na Bambi Ceuppens ndio walioandaa Congo Art Works huko Brussels, maonyesho ya michoro hiyohiyo ya sebuleni. Ameishi nayo.

Wapo wanaoendeleza. Georges Senga, naye wa Lubumbashi, katika Une vie après la mort ya mwaka 2012 alichukua picha za kale za Lumumba akaziweka kando ya picha za mwalimu mmoja anayefanana naye na kuvaa kama yeye: miwani, tai, nywele zilizotengwa njia. Kazi ni nyepesi kuliko zote nilizozitaja, na ujanja wake ni mkali. Baloji anakuonyesha mshono. Senga anakufanya uutafute.

Kama ni kuchagua, nitachukua Kolwezi kabla ya Mémoire. Katika Mémoire wale waliokatwa wanakutazama moja kwa moja, na macho ya marehemu hufanya nusu ya kazi bila msaada wa fundi. Kwenye Kolwezi hakuna wa kukuombea huruma. Kuna turubai na kuna maji ya kuchapwa, na fundi amebaki na uamuzi wake peke yake.

Kazi hizi zimetembea. Michoro 101 ya Tshibumba ilichukuliwa na Tropenmuseum ya Amsterdam. Picha za Baloji zimepita Venice na New York. Ningependa siku moja jozi zile za Kolwezi zitundikwe hapa Manika, kwenye ukumbi wowote wenye umeme. Nadhani watu wangeanza na bango, waulize liliuzwa soko gani na kwa bei gani, mmoja aseme shangazi yake analo palepale Kapata, na ndipo wabishane hadi jioni kambi ile ilikuwa ya shimo lipi.