Kombamwiko Asiyekomba Mwiko

Usiku mmoja wa Februari, joto la Dar es Salaam likiwa limegoma kushuka, mende mwenye ukubwa wa kidole gumba aliruka kutoka juu ya kabati la chumbani akatua kwenye chandarua, usawa wa uso wa mke wangu. Makelele yaliyofuata yaliamsha nyumba ya jirani. Huyo alikuwa wa nne wiki ile. Na hazikuwa zimepita hata wiki tatu tangu vijana wa kupuliza dawa wapite kila chumba na mitungi mgongoni, nasi tukahamia kwa shemeji siku mbili, tukarudi, tukafagia mizoga tukidhani kesi imekwisha.

Wiki hii nachambua namna tulivyowazuia. Sisemi tulivyowamaliza, maana kumaliza mende ni neno la matangazo ya nguzo za umeme.

Kosa letu la kwanza lilianzia kwenye lugha. Kiswahili humwita mende kombamwiko, na jina hilo lina mashtaka kamili ndani yake: mdudu wa jikoni, anayekomba masalia ya ugali kwenye mwiko. Kwa mende mdogo mashtaka hayo ni ya haki. Yule wa kahawia hafifu mwenye michirizi miwili myeusi nyuma ya kichwa, asiyezidi sentimita moja na nusu, huzaliwa, hukua na kufia nyuma ya jiko na chini ya friji. Lakini yule mkubwa, mwekundu wa kahawia, mwenye mbawa ndefu na ukingo wa manjano hafifu kwenye gamba la shingoni, ana maisha tofauti kabisa. Jina lake la kitaalamu ni Periplaneta americana, na hilo neno americana alipewa na Carl Linnaeus mwaka 1758, ingawa asili yake ni Afrika na alifika Amerika kwa meli. Huyu hutafuta joto, giza na unyevu kabla ya kutafuta mwiko. Njaa huivumilia kwa wiki nyingi. Kiu humshinda mapema. Kwetu pwani, makazi yenye joto, giza na unyevu mwaka mzima yapo chini ya kila ua: chemba za majitaka, shimo lenyewe, na mabomba yanayoviunganisha.

Sisi tulikuwa tumesugua jiko mpaka linang'aa. Mende hawakujali, kwa kuwa hawakuja kwa ajili ya jiko.

Kilichonifanya nishuku kwamba tunapigana mahali pasipo na vita ni jambo dogo: hatukuwahi kuona tunutu ndani. Mende mkubwa hupitia hatua nyingi za kujivua gamba akiwa hana mbawa, na hatua hizo huchukua miezi, wakati mwingine mwaka mzima. Nyumba ambayo mende wanazaliana ndani yake lazima iwe na watoto wa kila umri wanaokimbia unapowasha taa. Yetu ilikuwa na watu wazima peke yao. Ukiona watu wazima tu, tena mmoja mmoja, tena usiku wa joto, jua una wageni, na wageni wana njia.

Kuitafuta njia hiyo hakukuhitaji mtaalamu. Nilinunua gundi ya panya, nikaipaka kwenye vipande 8 vya katoni, nikavitega mende wanapopenda kupita, yaani kwenye pembe ya sakafu na ukuta, kwa usiku 3. Chumbani, tulikopiga makelele, hakunasa hata mmoja. Jikoni mmoja, karibu na mlango wa uani. Mlango wa uani wenyewe, 2. Bafu la wageni, ambalo hakuna aliyelitumia tangu Krismasi, 5. Usiku wa nne nikafunika tochi kwa nailoni nyekundu na kwenda kunyanyua mfuniko wa chemba iliyo nyuma ya bafu hilo. Macho ya mende hayaioni vizuri rangi nyekundu, hivyo ukiwamulika kwa taa hiyo hawatawanyiki. Sitaeleza nilichokiona kwa kirefu, kwa heshima ya wanaosoma wakiwa mezani. Kuta za chemba hazikuonekana rangi yake.

Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini dawa ya kwanza ilitupa wiki mbili za amani na si zaidi. Dawa nyingi za kupuliza majumbani ni za jamii ya pairethroidi. Huvuruga neva za mdudu zisiweze kutulia, naye hutetemeka, hupinduka mgongo chini na kufa. Kwa mende aliyeguswa sawasawa, zinafanya kazi. Tatizo ni kwamba dawa hizi pia huwakera, hivyo aliyeguswa kidogo hukimbilia upande mwingine. Kuta za vyumba zilipakwa dawa, lakini chemba haikuguswa, na kila aliyekufa sebuleni alikuwa na ndugu chini wa kushika nafasi yake. Tena kuna mayai. Jike huyaweka ndani ya kifuko kigumu chenye umbo la punje ya haragwe, urefu wa karibu milimita 8, na ndani hukaa mayai kama 15. Hukigandisha kwenye ufa na kuondoka zake. Ganda lile huyakinga mayai na dawa, nayo hayaanguliwi mpaka baada ya wiki 6 hadi 8. Anayekuahidi kwamba atapuliza mara moja tu na kazi itaisha, ama halijui ganda hili ama analijua vizuri sana.

Fundi bomba alipokuja hakuuliza habari za dawa. Alikwenda moja kwa moja bafu la wageni, akang'oa kichujio cha tundu la sakafuni, akamimina maji, akasikiliza. Kisha akacheka. "Bosi, hapa hawa wamechongewa barabara."

Kwa kawaida, chini ya kila tundu la maji pana kona ya bomba iliyopinda ili maji kidogo yabaki humo daima, kina chake kama sentimita 5. Maji hayo ndiyo mlango. Yanazuia harufu, na yanazuia wadudu kwa sababu hakuna njia nyingine ila kuyapita. Katika bafu lisilotumika, maji hukauka taratibu, na mlango unakuwa wazi bila mtu kujua. Bafu letu lilikuwa na hali mbaya zaidi. Tundu la sinki lilikuwa na kona yake, imekauka. Tundu la sakafuni halikuwa nayo kabisa. Aliyejenga aliokoa kipande kimoja cha bomba, akaunganisha sakafu na chemba kwa mstari ulionyooka. Kwa miaka yote hiyo mama mwenye nyumba alikuwa akiwalaumu wapangaji kwa uchafu.

Kubadilisha bomba kulichukua nusu siku na vigae vinne. Kwa matundu yaliyo salama lakini hayatumiki, dawa yake ni jagi la maji kila wiki, na ukisafiri, kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji hayo ili yasikauke upesi. Ni kitu rahisi mno kiasi cha mtu kukidharau, na pengine ndiyo sababu hakuna anayekiuza.

Zikafuata chemba zenyewe. Mifuniko ya zege huliwa pembeni kadiri inavyonyanyuliwa, na kwenye pete za chuma hubaki matundu. Mtu huona ufa wa milimita chache akasema hapo hapiti kitu. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Kaushik Jayaram na Robert Full, walionyesha kwamba mende huyu huyu mkubwa hujibana na kupita upenyo usiofika milimita 4 kwa muda usiotimia sekunde moja. Gamba lake limeungwa kwa vipande vinavyolaliana, hivyo mwili hujibana bila kuvunjika. Baada ya kusoma habari hiyo niliacha kuamini jicho langu, nikaanza kupima kwa sarafu. Panapoingia sarafu mbili zilizobebana, mende naye anapita.

Fundi kijana aliyekuja kuziba alianza kukoroga saruji kali kama ya nguzo. Fundi bomba akamzuia, na hapa ndipo nilipojua tofauti ya mzoefu na mwanafunzi. Chemba lazima ifunguke siku inapoziba. Ukiifunga kwa saruji kali utavunja mfuniko, na mfuniko uliovunjika ni mlango wa mende wa miaka kumi ijayo. Walikoroga mchanga mwingi, chokaa, na saruji kidogo sana, wakazungushia ukingo na matundu ya pete. Mchanganyiko huo huachia ukigongwa kwa nyundo kidogo. Bomba la hewa la shimo nalo lilikuwa wazi juu. Hili haliruhusiwi kuzibwa hata kidogo, kwa sababu gesi ya shimo lazima itoke. Tulilivisha wavu wa aluminiamu. Wavu wa plastiki wa madirishani huliwa na jua na mvuke wa shimo.

Kabla ya kufunga mifuniko tuliweka chambo. Ni jeli yenye fipronili, inayouzwa kwa bomba dogo kama la sindano. Tulidondosha matone madogo kwenye kuta za chemba, juu ya usawa ambao maji hufikia, tone hapa na tone pale. Uzuri wa chambo ni kwamba kinafanya kazi polepole. Mende anakula, anarudi kwa wenzake, anafia huko, na wenzake hula mzoga na kinyesi chake, sumu ikapita kwa wengine. Sharti lake ni moja: usipulize dawa ya kukera karibu na chambo, la sivyo umewafukuza kwenye sahani uliyowaandalia. Ndani ya nyumba, mahali pakavu kama nyuma ya friji na chini ya makabati, tulitumia poda ya asidi ya boriki, utando mwembamba ambao hauonekani vizuri kwa macho. Mende hukanyaga, kisha hujisafisha miguu kwa mdomo na kuimeza. Ukirundika kama chumvi atauzunguka. Na iwe mbali na mikono ya watoto.

Kuna mambo mawili ambayo nimeona watu wakiyafanya na siwezi kunyamaza. La kwanza ni kumimina petroli au mafuta ya taa ndani ya chemba kisha kuwasha. Shimo lina gesi inayoshika moto. Mfuniko unaweza kuruka na kumpata mtu. La pili ni kumwaga sumu ya shambani, ile ya chupa zisizo na lebo, kwenye shimo. Inaua bakteria wanaoyeyusha kinyesi, na katika mitaa yetu shimo la huyu na kisima cha yule vimetenganishwa na ukuta tu. Kabla ya kununua dawa yoyote, angalia kama imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Chaki ya mende inayouzwa na machinga kwenye foleni haikuambii hata imechanganywa na nini.

Uani tulihamisha kuni na makumbi yaliyoegemea ukuta, na tukapunguza makuti ya mnazi yaliyogusa bati. Mende hawa hujificha kwenye vilele vya minazi pia, na ndio maana wengine huja kwa kuruka. Kuruka kwenyewe si ushujaa. Mbawa zake ni dhaifu, hivyo hupanda juu kisha hujiachia na kuteleza hewani, hasa usiku wa joto kali, na usukani wake ni mbovu. Anapokujia usoni hakukusudii wewe. Najua maelezo haya hayamsaidii mtu aliye kitandani.

Kwa aliye kitandani nina ushauri mwingine: weka kandambili chini. Nyuma ya mende zimechomoza pembe mbili fupi zenye vinyweleo vinavyohisi upepo wa kiganja kinachoshuka, naye huanza kugeuka kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Akishika mwendo hufikia mita moja na nusu kwa sekunde. Tumia chupa ya kunyunyizia yenye maji na sabuni ya vyombo. Sabuni hufanya maji yaingie kwenye matundu ya kupumulia yaliyo ubavuni, na mende husimama ndani ya dakika chache, bila sumu kwenye mto wako.

Na ukiona nyigu mdogo mweusi, miguu mirefu, mwenye tumbo dogo linalopandishwa na kushushwa kama bendera, mwache. Jina lake ni Evania appendigaster. Haumi watu. Hutafuta vifuko vya mayai ya mende, hutaga yai lake ndani, na buu lake hula mayai yote. Anapita pale dawa isipopita. Watoto wetu walikuwa wakimuua kwa kumwogopa, na ile dawa ya mitungi bila shaka ilimuua pamoja na wale aliokuwa akituwindia.

Tuliendelea kutega katoni kila Jumamosi. Machi walinaswa wawili. Aprili, mmoja, tena mlango wa uani uliobaki wazi. Kisha masika yakashika, shimo likajaa, na gari la kunyonya majitaka likaja. Vijana wake walifungua mifuniko yote mitatu, wakafanya kazi yao vizuri, wakairudisha mahali pake na kuondoka. Siku ya pili, saa nne usiku, mke wangu aliniita kwa sauti ya utulivu wa kutisha. Mende alikuwa juu ya pazia.

Asubuhi nilikoroga mchanga na chokaa ndoo moja ndogo. Namba ya simu ya mwenye gari ninayo, na nimemwomba awe ananiambia siku anayokuja.