Mfupa Chini ya Nyuzi

Gitaa kavu, yaani gitaa la mbao lisilotegemea umeme, hubeba nyuzi zake juu ya kipande chembamba kilichochomekwa katika mfereji wa daraja, nacho ndicho kinachoupokea mtikisiko wa kila uzi na kuupeleka kwenye ubao wa mbele unaozaa sauti. Magitaa ya bei nafuu huja na kipande cha plastiki, ambayo huchimbika upesi chini ya nyuzi za chuma na kuifubaza sauti; fundi wa Kitui au Makueni, huko Ukambani, anapotaka kukibadilisha, malighafi bora ataipata buchani.

Zamani angefikiria pembe ya ndovu, na Ukambani iliijua pembe vyema, kwani Kivoi, mfanyabiashara wa Kitui aliyempokea mmisionari Mjerumani Krapf mwaka 1849, alipeleka misafara ya bidhaa hiyo hadi Mombasa. Leo, chini ya sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, kumiliki pembe bila kibali ni kosa la jinai, na sikio, kusema kweli, halikupoteza kitu.

Mfupa wa mguu wa ng'ombe ni mgumu na umeshikamana vizuri, ila usiwe ule uliokesha katika sufuria ya supu, maana moto wa muda mrefu huudhoofisha. Hukatwa ungali mbichi, ukakwanguliwa uboho, ukalowekwa katika maji moto yenye sabuni hadi mafuta yatoke, kisha ukaanikwa kivulini. Baada ya msumeno hufuata msasa uliolazwa juu ya kioo, na hapo ndipo ufundi ulipo: kipande cha unene wa milimita 3 hivi kiingie kwa kusukumwa na kidole bila kuchezacheza, na kitako chake kilale sawasawa, kwa kuwa upenyo mdogo tu hudhoofisha sauti ya uzi ulio juu yake. Kimo hupunguzwa kwa kusugua kitako. Zikiondolewa milimita 2, uzi hushuka milimita 1 kwenye freti ya 12, mojawapo ya vijiti vya chuma vya shingoni.

Kiangazi cha Ukambani nacho kina usemi wake, kwani ubao hunywea na nyuzi zikashuka hadi zikakwaruza freti, na mvua za Novemba zikifika, ubao huvimba na kuzipandisha. Mwenye gitaa zuri na achongeshe vipande viwili, kirefu cha kiangazi na kifupi cha mvua. Gundi haihitajiki: nyuzi zikilegezwa, kipande hutoka kwa vidole viwili.