Ngome na Chumvi ya Katwe

Tuwapelekapo wanafunzi wa Ibanda, Kasese na Bwera huko Katwe, huvutwa kwanza na habari za Fort George, ngome aliyoijenga Kapteni Lugard mwaka 1891 baada ya kulitwaa ziwa la chumvi kutoka kwa majeshi ya Kabalega, Mfalme wa Bunyoro. Kipimo hiki ni cha kuazima. Huko Uingereza urithi umezoewa kuwa makasri na majumba ya mawe, nayo husifiwa kwa kuwa kuta zake zingali zimesimama. Kwetu hakifai. Ngome ilijengwa kwa ajili ya chumvi. Chumvi haikuwapo kwa ajili ya ngome. Wavunaji, wake kwa waume, wangali wanaingia katika vidimbwi vya maji yale makali. Ziara imsifuyo mjenzi na kumpita mvunaji ni hadithi iliyompoteza mhusika wake mkuu. Urithi ni kile tulichoachiwa, wala si lazima kiwe ukuta. Basi wanafunzi na waanzie ziwani, wajifunze kwa wavunaji majina ya kazi na vyombo vyao; kisha ndipo waulize ngome ile ilimlinda nani.