Kutoka Msikitini Hadi Sokoni? Muyaka na Suala la Uwanja wa Umma Mombasa

Katika mihadhara na maandishi mengi yahusuyo ushairi wa Kiswahili huelezwa kwamba Muyaka bin Haji (takriban 1776–1840) ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hii imerudiwa hata imekuwa kama methali ya taaluma yetu. Wanafunzi huiandika katika mitihani, nasi huwapa alama, bila yeyote kuuliza soko hilo lilikuwa wapi, lilikuwa chini ya mamlaka ya nani, na mtu aliweza kusema nini ndani yake.

Mimi niliulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo. Mwanasemina mwenzangu, ambaye kwao mji usio na uwanja wa katikati hauhesabiwi kuwa mji, alitaka kujua kama uwanja wa Muyaka ungaliko. Nikajibu kwa haraka: Treasury Square. Lilikuwa jibu la makosa, na makosa yake yanafaa kuchunguzwa, kwa kuwa ndiyo yale yale yaliyomo katika kauli ya msikiti na soko.

Treasury Square ni kazi ya dola ya kikoloni. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888, iliifanya Mombasa kuwa makao yake. Na serikali ya Uingereza ilipotwaa mamlaka mwaka 1895, kisiwa kikawa makao makuu ya himaya nzima hadi mwaka 1905, utawala ulipohamishiwa Nairobi. Katika miaka hiyo michache ya kuwa mji mkuu, Mombasa ilijengewa sura ya mji mkuu: mahakama mwaka 1902, jengo la hazina, na bustani mbele yake. Humo ilisimamishwa sanamu ya Sir William Mackinnon, mwasisi wa kampuni. Baadaye ikaja ya Allidina Visram, mfanyabiashara aliyefariki mwaka 1916, ambaye maduka yake yalienea hadi Uganda. Baada ya uhuru sanamu ya Mackinnon iliondolewa ikapelekwa Scotland. Ya Visram ikabaki. Ni maandishi ya aina yake hayo, nayo yasomeka wazi: mwenye hisa na mwenye duka, na nyuma yao nyumba ya kuhesabia kodi. Uwanja huo haukukusudiwa mtu asimame aseme. Ulikusudiwa mtu apite, atazame, alipe. Jina lake limedumu katika Kiingereza hata baada ya barabara kubwa kubadilishwa majina, Salim Road ikawa Digo Road na Kilindini Road ikawa Moi Avenue, na sidhani kwamba ni bahati tu. Lugha haina haja ya kulifanyia tohara jina la mahali ambapo wenyeji hawakuwa na neno la kusema.

Je, zama za Muyaka? Hapo hapakuwa na hazina wala sanamu, lakini ngome ilikuwapo. Wareno waliijenga tangu mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati. Waomani waliitwaa mwezi Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili. Na kuanzia karne ya 18 Mazrui waliitawala Mombasa kutoka ndani yake mpaka Seyyid Said alipowashinda mwaka 1837. Hata baada ya Mazrui kuondoka, aliyeishika ngome alidai kuushika mji. Mwaka 1875 akida Muhammad bin Abdallah alijifungia humo dhidi ya Sultani, mpaka manowari za Kiingereza zikaipiga kwa mizinga. Sir Mbarak Ali Hinawy ameyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1950. Kutoka mwaka 1895 hadi 1958 jengo hilo lilikuwa gereza. Na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu yake mpaka mwaka 1963, ishara ya ukanda wa maili kumi ambao wengine waliutaka ubaki na hali yake, wengine wakautaka uingie Kenya bila masharti. Tume ya Robertson ya mwaka 1961 ilikuja kuwasikiliza wote wawili. Mkataba wa Oktoba 1963 ukalimaliza jambo hilo kisheria, ingawa si nyoyoni. Basi uwanja uliokuwa mbele ya ngome ulikuwa uwanja wa macho ya mtawala. Anayemdhania Muyaka akisimama hapo kama mnadi wa Kirumi amekosea mji.

Tena kuna ushahidi wa ushairi wenyewe. Tungo za Muyaka za siasa ni tungo za kujibizana. Baada ya vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, alijibizana na Zahidi Mngumi wa Lamu, na beti zikavuka bahari kati ya visiwa viwili. Zilisafiri vichwani mwa watu. Ndiyo maana karibu nusu karne baada ya kifo chake Mwalimu Sikujua aliweza kumkusanyia W. E. Taylor mashairi ambayo William Hichens aliyatoa kitabuni mwaka 1940, na ambayo Mohamed Abdulaziz aliyachambua upya katika kitabu chake cha mwaka 1979, akiyaweka katika historia ya mji yaliyomzaa mtunzi. Shairi la namna hiyo, lenye mafumbo ambayo mwenyeji huyafumbua na mgeni huyapita, lina hadhira yake maalumu. Hadhira hiyo si kundi la sokoni lisilojuana. Ni watu waliokaa.

Nasema waliokaa kwa kusudi. Mji wa Kale haukujengwa kuzunguka uwanja; ulijengwa kwa vichochoro vinavyotoka Ndia Kuu, na kando ya milango kuna baraza. Neno hilo wataalamu hulihusisha na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutoka na kujitokeza mahali pa wazi. Lakini uwazi wa baraza ni uwazi wa kipimo: ni nje ya nyumba na bado ni mali ya nyumba, apitaye husikia, ila husikia kile ambacho waliokaa wameridhika akisikie. Hapo ndipo fumbo lina kazi. Katika nchi ya uwanja wa wazi mtu hupaza sauti. Katika nchi ya baraza mtu hufumba, na fumbo hupita kutoka baraza hii hadi ile mpaka limfikie mwenye ngome, naye hana wa kumkamata. Kwa maoni yangu, umbo la shairi la Muyaka na umbo la mji wake ni jambo moja.

Nisije nikaonekana naitukuza baraza kupita kiasi. Ilikuwa, na kwa kiasi kikubwa ingali, ya wanaume, na mara nyingi wenye nyumba za mawe. Wanawake wa Mombasa walikuwa na mahali pengine pa kusemea: vyama vya lelemama, ambavyo Margaret Strobel aliviandikia kwa kirefu mwaka 1979, viliteka mitaa kwa nyimbo za kushindana na kuaibishana. Mhakiki anayesema "soko" anawaacha nje hao pia, bila kujua kwamba amewaacha. Dola nayo haikuchelewa kuitwaa baraza: bwana shauri alipowaita watu kuwaamrisha, mkutano ule uliitwa baraza, na leo tuna Baraza la Mawaziri. Neno limebaki, umbali kati ya anayeketi na anayesimama umebadilika.

Palipotokea uwanja wa umma wa kweli kisiwani, haukuchorwa na mhandisi. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli, hoteli na majumbani waligoma, wakausimamisha mji kwa karibu wiki mbili. Walikutanika katika uwanja mmoja kila siku, nao wakauita Kiwanja cha Maskini. Chama chao kikawa African Workers' Federation, na kiongozi wake, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi Agosti mwaka huo huo na kuzuiliwa mbali na pwani. Hebu tulitazame jina hilo kama watu wa lugha. Halisemi wafanyakazi, neno la vyama. Halisemi Waafrika, neno la serikali. Halitaji kabila wala Taifa Tatu wala Taifa Tisa. Lasema maskini, neno ambalo mwenyeji wa Mji wa Kale na mgeni kutoka bara waliweza kulishiriki, na hata lilikuwa limezoeleka midomoni mwa waombao sadaka mlangoni mwa msikiti. Neno la kuombea limegeuzwa kuwa la kudai. Sijui fumbo la baraza lililozidi hilo kwa ukali. Na safari hii halikufumbwa.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1952, mji ulijengewa mapembe ya ndovu kuvuka Kilindini Road kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth. Hayo ndiyo yaliyopata kadi za posta.

Mwembe Tayari, palipokuwa kituo cha misafara ya kwenda bara, pana mkasa unaofanana na wa 1947. Mwaka 1992, chama cha IPK kiliponyimwa usajili, hapo ndipo Sheikh Khalid Balala alipohutubia umati, na hapo ndipo polisi walipotumwa. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1968, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, hakwenda kiwanja chochote. Alitoa kijikaratasi, *Kenya: Twendapi?*, kikapita mkono kwa mkono kama ubeti wa zamani, na ndicho kilichomtia kifungoni. *Sauti ya Dhiki* (1973) ilitungwa gerezani, yaani ndani ya ukuta wa dola na si mbele yake. Njia ya kijikaratasi kile ni ya Muyaka na Zahidi Mngumi zaidi kuliko ya soko lolote.

Kauli ya msikiti na soko ina ukweli wake: Muyaka aliipa bahari ya shairi mambo ya kila siku, mapenzi, deni, njaa, vita, na kuitoa katika mipaka ya mawaidha. Hilo halipingwi. Linalopingwa ni picha inayokuja nalo, ya mji wenye uwanja huru ambao mshairi alihitaji kutembea tu aufikie. Katika mwongozo wa somo letu nimeandika "barazani" mahali palipokuwa na "sokoni", na pembeni nimeongeza maswali mawili ya kujadiliwa: baraza ya nani, na ni nani aliyekuwa akipita.